Ua jeupe halihitaji rangi nyeupe

Wengi wanaoanza kuchora mimea kwa rangi za maji hudhani kuwa yungiyungi jeupe huchorwa kwa rangi nyeupe. Sivyo. Mwanga hupenya tabaka jembamba la rangi, hugonga karatasi, kisha hurudi machoni. Weupe wa ua, basi, ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa.

Unachochora ni kivuli: kijivu hafifu chenye ubuluu kwenye mikunjo, ukijani kidogo karibu na kikonyo, tabaka juu ya tabaka, kila moja likauke kwanza. Ukikoza kijivu hicho, ua huonekana chafu, na hapo ndipo wengi huharibu. Chora jani la kijani kilichokolea nyuma ya petali. Ukingo utajitokeza wenyewe bila mstari.

Nadhani dhana ya kuchora weupe kwa rangi nyeupe imetoka kwenye rangi za mafuta. Katika michoro ya Ulaya ya Kupashwa Habari Maria, malaika Gabrieli mara nyingi hushika yungiyungi, ishara ya usafi, na huko weupe hupakwa kweli. Hata hivyo, gwashi nyeupe, yaani rangi ya maji nzito isiyopitisha mwanga, hutumiwa na baadhi ya wachoraji wa mimea, hasa kwa vinyweleo vidogo vinavyopita juu ya jani lililokolea.