Je, wajua meli ya baharini hupata wapi maji ya kunywa?

Nyanya yangu ameishi maisha yake yote karibu na ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, na ana swali moja ambalo humuuliza mjomba kila akipiga simu. Haulizi mshahara, haulizi baridi ya Uingereza. Huuliza hivi: "Huko kwenye chumvi, mwanangu, unakunywa nini?"

Mjomba ni injinia wa meli. Alianzia kwenye vyombo vya ziwani, akasomea Mombasa, halafu akahamia Southampton, na kutoka huko hupanda meli za mizigo na kukaa baharini miezi minne au mitano kwa mkupuo. Safari yake ni kinyume cha ile ya zamani. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa na kufungwa upya papa hapa bandarini, pamoja na mafundi wa kuziendesha. Hata MV Victoria na MV Uhuru za miaka ya 1960 zilikuja hivyo, kutoka Scotland. Sasa fundi ndiye anayetoka hapa kwenda kule.

Kwa nyanya, maji ni ziwa. Ukiwa na kiu unateka, unachemsha, unakunywa. Mtu azungukwe na maji miezi mitano asiweze kuyatia mdomoni? Haimwingii akilini, na simlaumu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Figo zetu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho, kwa hiyo mwili hutumia maji yake wenyewe kuitoa. Ukinywa glasi moja, unapoteza zaidi ya glasi moja. Ndiyo maana mtu aliyepotea baharini akianza kuyanywa, hali yake huharibika haraka kuliko angebaki na kiu yake.

Wengi hudhani meli hujaza matangi bandarini na kubana matumizi hadi bandari nyingine. Matangi yapo, lakini sehemu kubwa ya maji hutengenezwa safarini, ndani ya chumba cha injini, na mashine ambayo mabaharia huiita evaporeta. Ili kuielewa, tuondoke baharini kwanza twende Nakuru.

Mama yangu mdogo ameolewa Nakuru. Mwaka mmoja nyanya alimtembelea, akajitolea kupika maharagwe kama alivyozoea Kisumu, jiko lile lile la makaa, sufuria ile ile. Maharagwe yakakataa kuiva. Maji yanatokota, mapovu yanapanda, lakini ukibonyeza punje unakutana na jiwe. Nyanya aliwalaumu wenye kuuza makaa, akahamia kwa waliouza maharagwe, na nadhani hata mkwe wake hakusalimika.

Kosa lilikuwa la hewa. Hewa iliyo juu yetu ina uzito, na uzito huo hukandamiza maji ndani ya sufuria ili yasigeuke mvuke upesi. Mombasa, kwenye usawa wa bahari, mkandamizo ni mkubwa, kwa hiyo maji huchemka yakifika digrii 100. Kisumu iko juu kidogo, kama mita 1,130, na maji huchemka kwenye digrii 96 hivi. Nakuru iko kama mita 1,850 na mkandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano. Pale maji huchemka yakiwa digrii 94 tu. Ukiongeza makaa, joto la maji halipandi, unaongeza mvuke. Maharagwe yanapikwa kwa maji yaliyo baridi kidogo kuliko ya Mombasa, na yanachukua muda wake.

Sasa rudi melini. Injini kubwa ya meli hupozwa na maji yanayozunguka kwenye mwili wake, na maji hayo hutoka yakiwa na digrii 80 au 85. Ni joto la bure, ambalo lingetupwa baharini tu. Lakini digrii 80 hazichemshi maji, hata Nakuru hazichemshi. Hapo ndipo injinia anapocheza na hewa. Evaporeta ni chombo kilichofungwa kabisa. Pampu husukuma maji ya bahari kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba, na mkondo huo huvuta hewa iliyo ndani ya chombo na kwenda nayo nje. Mkandamizo unashuka hadi kubaki kama sehemu moja ya kumi ya ule wa nje. Kwa mkandamizo huo, maji ya bahari huchemka yakiwa na digrii 45, joto ambalo ungeweza kuoga nalo ukivumilia. Hata kileleni mwa Everest maji huchemka kwenye digrii 70 hivi. Kwa hesabu ya hewa, basi, mjomba hupeleka maji karibu mara mbili ya kimo cha Everest bila yeye kuondoka usawa wa bahari.

Mvuke hupanda, chumvi hubaki chini. Mvuke ukigusa mabamba yanayopozwa na maji ya bahari yenyewe, hugeuka matone, na matone ndiyo maji. Meli ya mizigo yenye mabaharia ishirini na kitu huweza kutengeneza tani 20 hadi 30 kwa siku.

Kuna kifaa kidogo kinachoonja chumvi kwenye bomba la kutokea. Kwa kawaida kikihisi zaidi ya miligramu 10 kwa lita, vali hujifungua na kuyamwaga maji hayo, na kengele inalia hadi chumbani kwa injinia wa zamu. Mjomba anasema kengele hiyo ina tabia ya kulia saa tisa za usiku. Unashuka ngazi ukiwa na ovaroli juu ya nguo za kulalia, unaingia kwenye joto la digrii 40 na ushee, unatafuta mpira uliochoka kati ya mabamba. Ziwani, anasema, adui yake alikuwa gugu maji lililoziba chujio. Baharini ni chumvi, na chumvi haionekani.

Kuna mawili ambayo nyanya hakuyapenda. La kwanza, digrii 45 haziui vijidudu. Kwa hiyo evaporeta huzimwa meli inapokaribia pwani, ambako maji ni machafu, na maji yaliyotengenezwa bado hutiwa dawa au kupitishwa kwenye mwanga wa kuua vijidudu. "Kwa hiyo mnachemsha bila kuchemsha," nyanya akasema, na kusema kweli hakukosea.

La pili, injini ikizimwa maji nayo yanakatika. Wakati mmoja meli ya mjomba ilitia nanga wiki tatu nje ya bandari moja ikisubiri zamu ya kupakua. Kufua kukapigwa marufuku, kuoga kukawa kwa dakika, na kila mtu alimtazama injinia kana kwamba amekunywa tangi peke yake.

Na ladha? Hayana. Maji ya mvuke hayana madini, kwa hiyo hupitishwa kwenye kokoto za chokaa kabla ya kunywewa, na bado mjomba huyaita maji yaliyosahau yalikotoka. Akiwa likizo Kisumu, kabla hajakaa, huenda kwenye mtungi wa nyanya na kunywa vikombe viwili akiwa wima.

Likizo iliyopita alimletea dada yake wa Nakuru sufuria ya presha. Hiyo hufanya kinyume cha evaporeta: hufungia mvuke ndani, mkandamizo unapanda, maji yanafika hadi karibu digrii 120 na maharagwe yanalegea upesi. Nyanya alikuwepo ilipoanza kupiga filimbi. Akasogeza kiti chake hadi mlangoni, akamwambia mwanawe: "Hiyo meli yako ikapikie nje."