Leza ya macho: kilichonipata mimi ninayepima macho ya wenzangu

Kazi yangu ni kupima macho, hapa Dar, na tangu sekondari nilikuwa navaa miwani ya mainasi tano, ya wasioona mbali, macho yote mawili, yani bila miwani daladala lazima inifikie puani ndo nijue inaenda wapi. Miaka minne iliyopita nikafanya leza ili niachane na miwani, na wateja hawaachi kuniuliza, basi leo naandika.

Leza haiingii ndani ya jicho. Inachonga konea, kile kioo cha mbele, ambacho pale katikati unene wake ni kama nusu milimita tu, na kila namba moja ya miwani inakula mikroni 12 mpaka 15 hivi (mikroni elfu moja ndo milimita moja). Kwa hiyo mi nilichongwa kama 70, na hizo hazirudi tena. Ndo maana kwangu vipimo vya kabla ni vizito kuliko leza yenyewe, mtu akitaka kukufanyia bila kuchora ramani ya konea, ondoka hapo. Hasa nyie wenye aleji mliofikicha macho tangu utoto, huko ndo tunakutana na konea inayoanza kuchongoka kama koni, na hiyo ukiipunguza tena unaiharibu kabisa.

Konea yangu ilikuwa mikroni 488, nyembamba, daktari akakataa kuikata kifuniko kama wanavyofanya kwenye lasiki, ile leza ya kufunua kifuniko cha konea, akanifanyia PRK: ngozi ya juu inakwanguliwa, leza inapiga palepale. Sikuumia, ila nilisikia harufu kama ya nywele zinaungua. Maumivu yakaja usiku, mchanga wa moto machoni, machozi hayakatiki, mapazia yamefungwa na mke wangu ananidondoshea dawa gizani. Siku ya tano wakatoa lenzi ya kukinga, nikaangalia dirishani nikaona majani ya mwembe moja moja, jamani nililia. Mchana ukungu ukarudi. Najua ngozi ikiota upya inakuwa na mawimbi mpaka ijinyooshe, nimewaeleza watu wangapi hilo, lakini hofu niliipata vilevile, na kutulia kabisa kulichukua karibu miezi mitatu.

Usiku taa za magari zilikuwa na duara kubwa, sasa zimepungua. Ukavu bado upo kidogo, maana leza inapita kwenye mishipa midogo ya fahamu inayoliambia jicho litoe machozi, so matone yako mfukoni kila siku.

Na hili wengi hawaambiwi: jicho la mainasi ni refu, na baada ya leza linabaki refu vilevile. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, bado imevutwa, hatari ya kuchanika haijaondoka na miwani. Mimi kila mwaka natiwa dawa ya kupanua mboni nikaguliwe. Ukiona vimulimuli kama radi pembeni, au kivuli kinashuka kama pazia, nenda siku hiyohiyo, usisubiri kesho.