Mfungamano na shule: kwa nini wavulana na wasichana hawaachi shule kwa njia moja

Mfungamano na shule ni hali ya mwanafunzi kujiona ni wa pale. Yupo mwalimu atakayeuliza habari zake akikosekana, wapo rafiki anaowakumbuka wakati wa likizo, na anaamini kwamba anachosoma kitamfaa. Usiuchanganye na mahudhurio. Mtoto anaweza kuitikia jina lake kila asubuhi ilhali moyo ulishaondoka.

Mwaka 1969 Travis Hirschi, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika kwamba kijana hujiepusha na makosa kwa sababu ya kamba zinazomfunga na wazazi, rafiki na shule. Wasichana nao walijaza hojaji zake, lakini alichambua majibu ya wavulana tu. Pengo hilo si dogo, maana picha ya kamba inayolegea polepole inamfaa zaidi mvulana. Leo kachelewa kuhesabu namba asubuhi, kachapwa. Kesho anakwepa jaribio. Siku ya mnada anabeba mizigo na kurudi na hela yake mwenyewe, kisha anafundishwa kuendesha bodaboda. Hakuna siku moja unayoweza kusema ndiyo aliyoacha shule.

Msichana naye huchoka na kukata tamaa, bila shaka. Ila wengi hutolewa shuleni wakiwa bado wanaipenda. Tanzania Bara, hadi Novemba 2021, aliyepata mimba alifukuzwa. Hapo ndipo serikali ilipotoa waraka wa kumruhusu arudi, wakati Kenya ilikuwa na sera kama hiyo tangu 1994. Kumwambia binti huyo kwamba hakuwa na mfungamano ni kumwonea. Kamba yake ilikatwa akiwa ameishikilia. Vivyo hivyo kwa anayeozwa, au anayesoma shule ya kutwa iliyo mbali na kwao, akapangishiwa geto peke yake akiwa na miaka 14, asiwe na mtu mzima wa kumlinda.

Ndiyo maana neno “utoro” kwenye rejista linanikera: linawaweka wote wawili kapu moja. Huyu anahitaji mwalimu wa kumfuata kabla kamba haijaisha. Yule anahitaji hosteli, na sheria inayomlinda.

Na anayerudi baada ya kujifungua? Waraka humfungulia geti. Mfungamano huanza upya darasani, siku ile wenzake wanapomsogelea dawatini, au wanaponong'ona juu yake.