Usukani ukilegea angani

Wanafunzi wengi wa urubani huogopa zaidi injini kuzima. Mimi huwauliza jingine: ukivuta usukani ukaja mlegevu, pua isiinuke, utafanyaje?

Kwenye Cessna 172, ninayofundishia, usukani huvuta kebo za chuma hadi kwenye eleveta, yaani ule ubao wa mkiani unaoinua na kushusha pua. Kebo ikikatika ndege haiporomoki. Iliyokuwa imetulia kwenye mwendo fulani huutafuta mwendo huo yenyewe, basi usiihangaishe.

Gurudumu la trimu, linaloiweka ndege kwenye mwendo fulani bila rubani kukaza usukani, lina kebo zake, ziendazo kwenye kibati kidogo ukingoni mwa eleveta ya kulia. Hapa pana mtego. Eleveta ikiwa imelegea, kibati huisukuma, na trimu hufanya kazi kama kawaida. Ikiwa imekwama, kibati chenyewe hugeuka eleveta ndogo, nacho hufanya kazi kinyume: unazungusha kuinua pua, nayo inashuka. Kwa hiyo zungusha kidogo, ngoja, tazama. Jaribio hilo lifanyie juu, kwenye nafasi ya kukosea.

Kisha tangaza Meidei, yaani wito wa dharura redioni, na uombe njia ndefu ya kutua yenye upepo wa mbele. Ukiwa karibu na Arusha, mimi ningekwenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro, penye njia ya zaidi ya mita 3,500, hata kama uwanja wa Arusha ndio uko chini yako.

Kwa eleveta iliyolegea, kitabu cha ndege kinaelekeza flapu, yaani mbao za nyuma ya mabawa zinazoshushwa wakati wa kutua, digrii 20 na mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 60 au 65 kulingana na toleo la ndege. Ukishaituliza ndege hapo kwa trimu, usiiguse trimu tena hadi karibu na lami. Injini ndiyo inayoamua unashuka kwa kasi gani: ongeza nguvu kidogo, punguza kidogo, mapema kuliko ulivyozoea.

Kazi ngumu iko mita chache juu ya lami. Rubani kwa mazoea hukata nguvu yote. Upepo wa pangaboi unaopiga mkia unapungua, pua inaanguka, na gurudumu la mbele linatangulia chini. Kwenye 172 hilo laweza kupinda ukuta wa injini. Badala yake zungusha trimu kuelekea mwisho wa kuinua pua, huku ukiilinda nguvu ya injini hadi pua iinuke na ndege iwe sambamba na lami. Magurudumu yakigusa, ndipo ukate nguvu yote.