Nani atamsomesha mtoto asiyegombaniwa na shule yoyote?

Mwaka 1870 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya elimu ya msingi iliyoandaliwa na William Forster. Wakati huo shule nyingi za watoto wa watu wa kawaida zilikuwa mikononi mwa makanisa na vyama vya hisani, na zilikuwa zimefanya kazi kubwa. Sheria ile haikuzifuta. Iliagiza nafasi za shule zilinganishwe na idadi ya watoto, eneo kwa eneo, na pale penye upungufu usiozibwa na mtu mwingine ichaguliwe bodi ya kujenga na kuendesha shule kwa msaada wa kodi. Serikali iliingia darasani kupitia pengo: mtaa ambao kanisa halikuufikia, kijiji ambacho mfadhili hakukiona.

Nimeanza na pengo hilo kwa sababu ndilo tunalolisahau tunapobishana kama serikali igharimie na kuendesha shule. Ubishi wetu huwa juu ya shule mbili ambazo tayari zipo, moja ya umma iliyochakaa na nyingine ya binafsi inayong'ara, kisha mzazi anaulizwa angempeleka mwanawe wapi. Jibu linajulikana kabla swali halijaisha. Lakini sera haitungwi kwa ajili ya mtoto anayegombaniwa na shule mbili. Wa kufikiriwa kwanza ni yule asiyegombaniwa na yoyote: anayeishi mbali, asiyeona vizuri, aliyerudia darasa mara mbili, ambaye nyumbani kwao hakuna cha kulipa.

Kugharimia shule ni jambo moja, kuziendesha ni lingine. Wengi huyachanganya, na hapo mjadala unapotea njia.

Kwenye kugharimia, wataalamu wanakubaliana zaidi kuliko inavyodhaniwa. John Stuart Mill, aliyeogopa sana nguvu za dola, aliandika mwaka 1859 kwamba dola iwalazimishe wazazi kuwasomesha watoto na iwalipie wasiojiweza. Milton Friedman, mtetezi mkubwa wa soko huria, naye mwaka 1955 alikubali kwamba elimu ya msingi ilipiwe na umma, ingawa alitaka fedha zimfuate mwanafunzi popote mzazi anapochagua. Sababu zao hazijazeeka. Mtoto anayejua kusoma hamnufaishi mzazi wake peke yake. Atakuwa mpiga kura, muuguzi, dereva, jirani. Na hakuna benki itakayopokea akili ya mtoto wa miaka saba kuwa dhamana ya mkopo. Tukiiachia elimu mfuko wa mzazi, mtoto anarithi mfuko huo, uwe umejaa au umetoboka.

Tumeona pia kinachotokea ada inapoondolewa. Malawi iliifuta katika shule za msingi mwaka 1994, Uganda ikafuata mwaka 1997 kwa watoto wanne wa kila kaya, Kenya mwaka 2003. Kote huko watoto walifurika. Nchini Kenya waliongezeka zaidi ya milioni moja. Watoto hao hawakuzaliwa wiki ile. Walikuwepo muda wote, na wazazi walioitwa wazembe kwa miaka mingi walijitokeza alfajiri kuwaandikisha. Kwangu, hiyo ni hoja nzito kuliko nadharia yoyote.

Ila hapo ndipo shida ya pili ilipoanza, nayo bado inaendelea katika nchi nyingi: serikali kufuta ada bila kuweka fedha za kutosha mahali pake. Mwalimu mkuu mmoja wa shule ya umma aliwahi kunifungulia daftari lake la mapato na matumizi. Ruzuku ya muhula ilikuwa imeingia muhula ukiwa umebaki wiki mbili. Kurasa zilizotangulia zilikuwa za madeni: chaki zilizokopwa dukani, karatasi za mtihani, kufuli la stoo, mshahara wa mlinzi. Kwenye pambizo, kwa penseli, palikuwa na orodha ya madarasa na mchango ambao kila darasa lilikuwa bado halijamaliza. Tukiwa tunazungumza, msichana wa darasa la tano alisimama mlangoni kueleza kwamba mama amesema watalipa Ijumaa. Mwalimu alimwambia arudi darasani, kisha akaangalia chini. Kisheria shule ile ilikuwa ya bure.

Kwa hiyo ninaposema serikali igharimie, sizungumzii kufuta neno "ada" na kuacha michango ipite mlango wa nyuma. Mwaka 2015 huko Incheon, Korea Kusini, nchi zilikubaliana kutenga kwa elimu asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa, au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali. Mwananchi anaweza kuchukua hotuba ya bajeti ya nchi yake akapima mwenyewe. Na baada ya kiasi, aulize tarehe: fedha zinafika shuleni mwezi gani?

Kuendesha ni swali gumu zaidi, na hofu iliyopo si ya kupuuzwa. Mill hakutaka dola iendeshe shule zote kwa sababu aliona itawafinyanga watu wafanane. Hakuwa anaota ndoto. Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, alipotoa kanuni zake za shule za vijijini mwaka 1763, alitaka raia wanaosoma, lakini pia raia watiifu. Tangu hapo serikali nyingi zimetumia mtaala kuficha historia isiyozipendeza au kuua lugha za wachache. Anayeamini kwamba shule kuwa ya serikali kunatosha kuifanya iwe ya haki hajaangalia vya kutosha. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 liliyaweka mawili hayo katika ibara moja ya 26: elimu ya msingi iwe bure na ya lazima, na wazazi wawe na haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao.

Uholanzi ilipata njia ya kuyaoanisha. Tangu mwaka 1917 katiba yake inazipa fedha za umma shule za msingi za madhehebu na za vyama sawasawa na zile za serikali, na leo wanafunzi walio wengi wako katika shule zisizoendeshwa na serikali. Wanaotetea uchaguzi wa mzazi huutaja mfano huu mara kwa mara, na wana haki. Kinachoachwa nje ni kwamba katiba hiyohiyo inaitaka mamlaka ihakikishe elimu ya shule za umma inapatikana ya kutosha katika kila manispaa. Wakaguzi nao ni wa serikali, na anayepokea fedha hizo anafuata masharti ya ubora yaliyowekwa kisheria.

Chile ilichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka 1981 fedha zilimfuata mwanafunzi hadi shule za binafsi, na kwa miaka mingi shule hizo ziliruhusiwa kuchuja wanaoomba. Baadaye, mwaka 1993, nafasi ya kumtoza mzazi nyongeza ilipanuliwa. Matokeo hayahitaji mtabiri. Shule zilichagua watoto rahisi kufundisha, wenye uwezo wakaongeza chao, na shule za manispaa zikabaki na waliokataliwa kwingine, halafu zikalaumiwa kwa matokeo mabaya. Wanafunzi waliingia barabarani mwaka 2006 na tena mwaka 2011. Sheria ya mwaka 2015 ikaanza kuondoa hatua kwa hatua uchujaji, nyongeza ya mzazi na faida katika shule zinazolipwa na umma.

Sweden iliruhusu kampuni ziendeshe shule kwa fedha za kodi na kubaki na faida, baada ya mageuzi ya mwaka 1992. Mwaka 2013 moja ya kampuni kubwa za shule ilifilisika, na maelfu ya wanafunzi wakalazimika kutafutiwa pa kuendelea. Manispaa zilibeba mzigo wa kuwapokea, kwa sababu kisheria manispaa haiwezi kumwambia mtoto kwamba biashara imekwisha.

Hapo ndipo ninaposimama. Sioni haja ya serikali kumiliki kila darasa. Shirika la dini, chama cha wazazi au taasisi isiyotafuta faida inaweza kuendesha shule ya umma vizuri, mradi ipokee kila mtoto, isitoze nyongeza na ikaguliwe. Lakini serikali inayobaki kulipa tu, bila shule zake, bila walimu wake na bila watu wanaojua kuziendesha, siku mwendeshaji akiondoka haina pa kuwapeleka watoto. Na ujuzi wa kuendesha shule ukishapotea haurudishwi kwa waraka wa wizara.

Walio upande wa pili wataniuliza kuhusu wizi na uzembe, na ni halali yao. Uganda inatoa jibu lenye pande mbili. Uchunguzi wa shule 250 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 ni wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ya serikali kuu, bila kuhesabu mishahara, iliyofika shuleni. Zilizobaki ziliishia njiani, wilayani. Kisha serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Gazeti halikufanya kazi hiyo peke yake, kwa kuwa mageuzi mengine yalikwenda sambamba. Hata hivyo, shule zilikuwa zilezile za serikali. Kilichoongezeka ni karatasi iliyobandikwa mahali ambapo mzazi, hata aliyesomea ukubwani, angeweza kusimama, kuipitia kwa kidole mstari kwa mstari, na kumuuliza mwalimu mkuu zilikokwenda fedha za mwezi uliopita.