Mbunge wa upinzani Kusini: yanayosemwa kijiweni na yalivyo

"Mkichagua mpinzani, jimbo litanyimwa hela." Msimu wa kampeni ukifika, kauli hii huzunguka huku Kusini mwa Tanzania, kuanzia Kilwa hadi Tandahimba. Sheria haisemi hivyo. Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za kuchochea maendeleo ya jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, hugawiwa kwa kutazama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Mbunge wa chama chochote ndiye mwenyekiti wa kamati yake, na anaingia baraza la madiwani kama mjumbe. Upendeleo upo, sikatai, lakini huo hufanywa na watu, na unahitaji mtu wa kuusema hadharani.

Tena wapiga kura wa huku hawajawahi kutishika sana. Mwaka 2015 CUF ilichukua Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga na Kilwa zote mbili; Ndanda ikaenda Chadema. Hata mwaka 2020, CCM ilipokomba karibu nchi nzima, Mtwara Vijijini ilimpa kiti Shamsia Mtamba wa CUF.

"Wanapiga kelele tu, mwisho hoja zinaangushwa." Hapa tukumbushane korosho. Hadi mwaka 2018, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilikuwa inarudi kwenye zao lenyewe: pembejeo, miche, utafiti. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ukaipeleka yote Mfuko Mkuu wa Hazina. Wapinzani wakapinga, na safari hii hata wabunge wa CCM wa Kusini, akiwemo Nape Nnauye wa Mtama, wakasimama upande huohuo. Muswada ukapita. Mtu atasema walipoteza muda. Mimi nasema bila mjadala ule mkulima wa Newala angeikosa salfa, dawa ya mikorosho, bila hata kujua fedha yake imehamia wapi. Serikali ililazimika kujieleza mbele ya nchi, na maneno ya kila upande yamo kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, yanasomeka.

Kuna na kazi isiyoonekana kwenye televisheni. Kanuni za Bunge zimeweka uenyekiti wa kamati za hesabu, ile ya Serikali na ile ya serikali za mitaa, upande wa upinzani. Huko ndiko ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inakochambuliwa ukurasa kwa ukurasa na wakurugenzi wa halmashauri kutoka jasho.

"Akihama chama anabaki na ubunge wake." Hapana. Katiba, ibara ya 71, inasema akiacha chama kilichomdhamini, kiti kiko wazi. Liwale ilirudia uchaguzi Oktoba 2018 kwa sababu hiyo.

"Mgombea akiwa peke yake amepita." Ilikuwa hivyo, Ruangwa mwaka 2020 haikupiga kura ya ubunge. Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 inataka mgombea pekee apigiwe kura ya ndiyo au hapana.

"Wakala ni mla posho." Huyu ni yule anayemwakilisha mgombea kituoni. Wala posho wapo, tena wengi, na vyama vya upinzani vinajidhuru vyenyewe kwa kuokota wakala usiku wa kuamkia kupiga kura. Kura huhesabiwa palepale kituoni, mara nyingi darasani, baada ya milango kufungwa saa 10 jioni. Wakala anatazama kila karatasi, anasaini fomu ya matokeo, anadai nakala yake. Nyingine hubandikwa hapo kituoni. Akiondoka mapema kutafuta chakula, kuhesabu kunaendelea bila yeye, na mgombea wake anabaki na hadithi tu, mkono mtupu.

"Matokeo yakishatangazwa, basi." Hiyo ni kwa rais tu, ibara ya 41(7) ya Katiba, ambayo Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema mwaka 2020 kwamba inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Ya ubunge yanapingwa Mahakama Kuu, na ya Mtwara ipo mjini. Muda ni siku 30 tangu kutangazwa, na wakili atakachoulizia kwanza ni zile nakala za fomu, kituo kwa kituo.