Halmashauri za Ngazi Moja Nchini Uingereza: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Tarehe 16 Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilichapisha waraka wa sera kuhusu ugatuzi wa madaraka. Waraka huo uliyataka maeneo yote 21 ambayo bado yana halmashauri ya kaunti na halmashauri kadhaa za wilaya zinazogawana kazi, yapendekeze namna ya kuziunganisha kuwa mamlaka chache kubwa za ngazi moja. Uingereza ninayoizungumzia hapa ni ile nchi yenye mji mkuu wa London, pasipo Uskoti, Wales wala Ireland Kaskazini. Watetezi na wapinzani wa mpango huo wamekwisha kusema mengi, na baadhi yake hayalingani na yaliyokwisha kutokea.

Wapo wanaodai kwamba desturi ya karne nyingi inavunjwa kwa jaribio lisilojulikana. Halmashauri za kaunti zilianza kazi mwaka 1889, na wilaya za leo, pamoja na mgawanyo wa kazi unaotumika sasa, zilianza tarehe 1 Aprili 1974. Uskoti na Wales ziliacha ngazi mbili mwaka 1996, ya kwanza ikabaki na halmashauri 32 na ya pili 22. Nchini Uingereza kwenyewe, Cornwall, Durham na Wiltshire zilifuata mwaka 2009, kisha Somerset na North Yorkshire mwaka 2023. Ukiongeza London na miji mikubwa kama Manchester, Waingereza walio wengi hawana halmashauri ya wilaya iliyotengana na ile ya kaunti.

Hofu kwamba jina la kaunti litafutika haina msingi. Halmashauri ya kaunti ya Berkshire ilivunjwa mwaka 1998 na kazi zake zikachukuliwa na mamlaka sita, lakini Berkshire bado ipo kwenye ramani na bado ina mwakilishi wa mfalme.

Dhana iliyoenea zaidi, na ambayo hata mawaziri wameipalilia, ni kwamba ukubwa huokoa fedha na huzuia kufilisika. Birmingham ina wakazi zaidi ya milioni moja na imekuwa na ngazi moja tangu 1986. Hata hivyo, Septemba 2023 ilitoa tangazo la kifungu cha 114, ambalo hutolewa pale halmashauri inaposhindwa kusawazisha bajeti yake. Halmashauri ya kaunti ya Northamptonshire ilitoa tangazo kama hilo mwaka 2018, na Woking, ambayo ni wilaya ndogo ya kaunti ya Surrey, ikafanya vivyo hivyo mwaka 2023. Kubwa na ndogo zimeanguka. Sababu yake si ngumu kuiona: mzigo mzito zaidi wa matumizi ni huduma za jamii kwa wazee, kwa watu wenye ulemavu na kwa watoto, na mzigo huo tayari uko mikononi mwa kaunti. Kuunganisha ofisi hakupunguzi idadi ya wazee wanaohitaji kuhudumiwa. Kinachookolewa ni mishahara ya wakurugenzi, majengo na mifumo ya kompyuta iliyorudufiwa, nacho hutanguliwa na gharama za kuwalipa wanaopunguzwa kazini na za kuunganisha mifumo hiyo. Madeni nayo hayafi pamoja na halmashauri iliyoyakopa. Hurithiwa, na ndiyo maana deni la Woking, linalokaribia pauni bilioni mbili, liligeuka kuwa suala la Surrey nzima ilipoamuliwa kwamba kaunti hiyo igawanywe katika mamlaka mbili kuanzia Aprili 2027.

Idadi ya wakazi 500,000 kwa kila mamlaka mpya nayo hutajwa kana kwamba ni sharti la kisheria, ilhali ni mwongozo tu. Katika mzunguko wa uunganishaji wa 2020 mwongozo ulikuwa kati ya wakazi 300,000 na 600,000, lakini kaunti ya Cumbria iligawanywa katika mamlaka mbili, Cumberland pamoja na Westmorland and Furness, na zote mbili zina wakazi chini ya 300,000. Kwa maoni yangu, takwimu inayobadilika kila baada ya miaka michache na kusamehewa inapobidi haistahili kuheshimiwa kiasi hicho.

Kuhusu kodi ya halmashauri, wengi huamini kwamba wilaya inayotuma bili ndiyo inayobaki na fedha. La hasha: wilaya hukusanya, na sehemu kubwa huenda kaunti. Wilaya zinapounganishwa, viwango vyao vinavyotofautiana hulazimika kulinganishwa, kwa kawaida hatua kwa hatua kwa miaka kadhaa, hivyo wapo watakaolipa zaidi na wapo watakaopata nafuu.

Hata neno “ngazi moja” lina udanganyifu kidogo. Mkazi wa Harrogate, mji ulioko North Yorkshire, ana halmashauri kuu moja tangu 2023. Juu yake yuko meya wa eneo la York na North Yorkshire, aliyechaguliwa kwa mara ya kwanza Mei 2024, na chini yake iko halmashauri ya mji, iliyochaguliwa kwa mara ya kwanza Mei 2025 na yenye haki ya kuongeza tozo yake kwenye bili ileile. Halmashauri za parokia (yaani za vijiji, si za kanisa) na za miji midogo, zipatazo 10,000 nchini kote, hazifutwi na mpango huu.

Watetezi nao wana dhana yao, kwamba sauti ya mwananchi haipungui. Cornwall ilipounganisha kaunti na wilaya zake sita mwaka 2009 ilikuwa na madiwani 123. Tangu uchaguzi wa 2021 wamebaki 87, na kila mmoja huwakilisha wastani wa watu zaidi ya 6,000.